Mzee Yule Yule, Kurasa Zile Zile

Simfoni ya Tisa ya Gustav Mahler huanza kwa sauti ya chini mno. Selo zinagusa nota moja, baragumu linaijibu, kinubi kinadondosha nota chache nzito, na ndipo fidla za pili zinapoingia na nota mbili zinazoshuka kama mtu anayeshusha pumzi. Katika rekodi iliyonaswa Vienna tarehe 16 Januari 1938, mwanzo huo umechanganyika na vikohozi. Ni majira ya baridi, ukumbi wa Musikverein umejaa, na watu wanakohoa juu ya muziki bila kujua kwamba vikohozi vyao vitasikilizwa na watu ambao hawajazaliwa bado. Aliyesimama mbele ya Vienna Philharmonic siku hiyo ni Bruno Walter, mwenye umri wa miaka 61.

Ninayo rekodi nyingine ya simfoni hiyo hiyo, ya kiongozi huyo huyo. Ilifanyika Hollywood mwanzoni mwa mwaka 1961, katika ukumbi usio na hadhira, kwa mitambo ya sterio, Walter akiwa na miaka 84 na moyo uliokwisha kuugua. Nota ni zile zile na mkono ni ule ule. Lakini ya kwanza inachukua kama dakika 70, ya pili kama dakika 81. Tofauti ya dakika 11 katika muziki ni kubwa sana, na kwa muda mrefu nimekuwa nikirudi kwenye rekodi hizi mbili nikijiuliza zile dakika 11 zilitoka wapi.

Walter hakuwa mtu baki kwa simfoni hii. Alianza kufanya kazi na Mahler huko Hamburg mwaka 1894, akiwa kijana asiyefika miaka 20, kisha akawa msaidizi wake katika opera ya Vienna. Mahler aliiandika Simfoni ya Tisa mwaka 1909 huko Toblach, milimani, miaka miwili baada ya kumzika binti yake mkubwa na kuambiwa na madaktari kwamba moyo wake mwenyewe una hitilafu. Alifariki tarehe 18 Mei 1911 akiwa na miaka 50, simfoni ikiwa bado karatasini, haijapigwa popote. Mwaka uliofuata, tarehe 26 Juni 1912, Walter ndiye aliyeiongoza kwa mara ya kwanza, huko huko Vienna.

Kwa hiyo Mahler hakuwahi kuisikia, na jambo hilo hubadilisha maana ya kulinganisha rekodi. Kwa kazi nyingine tunaweza kuulizia mtunzi mwenyewe aliipigaje. Hapa hakuna wa kuulizwa. Aliyekuwa karibu kuliko wote ni yule rafiki aliyeachiwa amana, naye ameirudisha amana hiyo mara mbili, kwa sura mbili.

Nianze na ile ya 1938, kwa sababu ndiyo inayonisumbua. Siku zile muziki ulinaswa kwenye santuri zenye nafasi ya dakika nne na ushee kwa kila upande. Simfoni nzima ilikula pande 20. Aliyeinunua alilazimika kuinuka kitini mara kwa mara kugeuza santuri, na kila alipoinuka muziki ulikatika mahali ambapo Mahler hakuukata. Wapo wanaosema viongozi wa okestra wa enzi hizo waliharakisha ili waenee kwenye santuri. Huenda ni kweli kwa studio, ambako saa ya ukutani ilikuwa bwana wa wote. Lakini hii ni tamasha hai, mbele ya watu walionunua tiketi, na mitambo ndiyo iliyokuwa ikimfuata Walter. Kasi ile ni yake.

Na ni kasi ya ajabu. Sehemu ya kwanza inasukumwa mbele kana kwamba kuna mtu mlangoni. Inapofika kileleni haitulii kuonyesha kilele chake. Inaporomoka na kuanza kupanda tena. Sehemu ya tatu, ambayo Mahler aliiandika kwa ukali na kejeli, inapigwa kwa mwendo unaowafikisha wapigaji ukingoni mwa uwezo wao, na mahali pengine unawasikia wakiteleza. Hata sehemu ya nne, ile ya kuaga, ambayo viongozi wa siku hizi huivuta kwa dakika 25 na zaidi, Walter anaimaliza kwa dakika 18 hivi. Haombolezi. Anaimba kwa pumzi ndefu, kisha anaenda.

Masikio yaliyolelewa na taarab yatatambua kitu ambacho msikilizaji wa Ulaya wa leo huenda akakiona cha kizamani. Fidla za Vienna za 1938 haziruki kutoka nota moja hadi nyingine. Kidole kinateleza juu ya uzi, na nota mbili zinaunganishwa na uzi mwembamba wa sauti. Ndivyo ilivyokuwa desturi ya okestra za Ulaya zama hizo, kisha ladha ikabadilika na mtelezo ule ukafagiliwa nje. Katika rekodi ya 1961 umebaki kidogo tu. Nilipousikia kwa mara ya kwanza katika sehemu ya nne nilihisi nimefika mahali ninapopafahamu, nami sijawahi kufika Vienna.

Sasa nije kwenye yale ambayo rekodi haiyasemi na sisi tunayasikia hata hivyo. Chini ya miezi miwili baadaye, tarehe 12 Machi 1938, majeshi ya Hitler yaliingia Austria. Walter alikuwa Myahudi, na wakati huo alikuwa safarini nje ya nchi. Hakurudi tena Vienna hadi vita vilipokwisha. Mpigaji kiongozi wa fidla siku ile ya Januari alikuwa Arnold Rosé, shemeji yake Mahler, aliyeshika nafasi hiyo tangu mwaka 1881. Ilikuwa mara yake ya mwisho kupiga na okestra hiyo. Waliokuwa wenzake kwa miaka 57 walimtoa kwa sababu ya asili yake, akaishia London, na huko akafariki mwaka 1946. Binti yake Alma, naye mpiga fidla, alifia Auschwitz mwaka 1944, baada ya kulazimishwa kuongoza okestra ya wafungwa wanawake kambini.

Ukishajua hayo, huwezi tena kuisikiliza rekodi ile kama hujui. Kila kasi inakuwa hofu, kila ukimya unakuwa kaburi. Nimesoma watu wengi wakiandika kwamba katika Tisa ya 1938 unasikia Ulaya ikifa. Nawaelewa, na bado najizuia. Waliokuwa jukwaani siku ile hawakuijua tarehe 12 Machi. Walijua wasiwasi, ndiyo, maana Ujerumani ilikuwa jirani na wengi walikuwa na ndugu huko. Lakini walikuja kazini, wakafungua masanduku ya vyombo vyao, wakakaza nyuzi. Walikuwa na haki ya kupiga muziki wa siku ile bila kubebeshwa mzigo wa kesho yake. Tunawadhulumu waliotutangulia tunapoyageuza maisha yao yote kuwa utangulizi wa msiba wao.

Kuna jambo jingine gumu zaidi, na sijapata namna ya kulilainisha. Katika okestra ile ile, siku ile ile, walikuwamo waliokwisha kujiunga kwa siri na chama cha Nazi, wakati huo kikiwa kimepigwa marufuku Austria. Walikaa safu moja na wale ambao wangefukuzwa miezi michache baadaye, na ambao baadhi yao wangeuawa. Katika sehemu ya nne, fidla zote zinapoingia pamoja kwa ule wimbo mzito, huwezi kumtenga mmoja na mwingine. Wanapumua pamoja. Sauti ni moja, na ni nzuri kupita kiasi. Nilikulia katika imani kwamba watu wanaoimba pamoja hawawezi kudhuriana, imani niliyoipata katika kwaya ya kanisani, na naipenda bado. Lakini rekodi hii ni ushahidi dhidi yake. Uzuri wa kazi iliyofanywa pamoja hautuambii chochote kuhusu nani atasimama na nani mlango ukibishwa usiku. Nimejifunza kuwatazama wenzangu kazini kwa jicho hilo, si kwa kuwashuku, bali kwa kutodhani kwamba kupatana kwetu mezani kumekwisha kutulinda.

Ile ya 1961 ni ulimwengu mwingine. Kampuni ya Columbia ilimkusanyia Walter wanamuziki wa Los Angeles na jirani zake, ikawapa jina la Columbia Symphony Orchestra, ikawaweka katika ukumbi wa maveterani uitwao American Legion Hall. Hakuna vikohozi. Kila chombo kinasikika mahali pake: kinubi upande huu, baragumu nyuma kule. Walter hana haraka na mtu. Sehemu ya kwanza peke yake imerefuka kwa dakika nne na zaidi. Ya pili, ambayo ni dansi ya vijijini ya Austria, anaipiga polepole, kwa miguu mizito ya mkulima, na kila mzaha wa Mahler unapata nafasi yake. Fidla zina wembamba fulani. Si ule ukwasi wa Vienna. Lakini kuna mwanga ndani yake. Aliyekuwa akikimbia sasa anatembea, anasimama, anaonyesha kwa kidole: tazama hapa, na hapa.

Wapo wanaosema mzee alikuwa amechoka. Sikubaliani nao. Mchovu huacha nota zilegee, na hapa hakuna kilicholegea. Alifariki Februari 1962, karibu mwaka mmoja baada ya kazi ile, naye anaongoza kama mtu ambaye hana tena wa kumkimbia.

Mama yangu ndiye aliyenipa njia ya kuzielewa rekodi hizi mbili, ingawa hajasikia hata moja. Baba alipofariki, mama aliwasimulia waombolezaji jinsi ilivyotokea. Alisimulia upesi, kwa maneno machache, sauti ikiwa kavu: aliamka, alilalamika kifua, tukaenda, hatukufika. Kila aliyeingia msibani aliambiwa hivyo hivyo. Baadhi ya jamaa walinong'ona kwamba moyo wake ni mgumu. Miaka mingi baadaye nilimsikia akiwasimulia wajukuu habari ile ile, na ilichukua jioni nzima. Baba alikuwa ameomba uji usiotiwa sukari. Alikuwa ameuliza kama mlango wa banda umefungwa. Alimshika mama mkono wa kushoto, na mama akakumbuka ni wa kushoto kwa sababu wa kulia ulikuwa na taa. Alinyamaza katikati, wajukuu wakasubiri, akaendelea. Hakuna alichobadilisha. Siku ya msiba alikuwa na watu wa kulisha, mashemeji wa kupigiwa simu, jeneza la kusubiri. Alisimulia kwa kasi ambayo ingemwezesha kubaki amesimama. Baadaye hakuwa tena na haja ya kujishikilia.

Kwa hiyo nikisoma mtu akiipima 1938 na 1961 na kutangaza mshindi, najiuliza kama aliwahi kusikia habari moja kutoka kinywa kimoja katika nyakati mbili za maisha. Simaanishi kwamba rekodi zote ni sawa. Zipo mbovu. Zipo ambazo kiongozi anajionyesha yeye na kumwacha Mahler mlangoni. Kulinganisha ni kazi halali na ni kazi ya upendo, maana anayesikiliza rekodi moja tu mwishowe huacha kuisikia simfoni, husikia mazoea yake. Ninachokikataa ni ile haraka ya kuhukumu mwendo wa mtu bila kuuliza alikuwa amebeba nini.

Na mwendo wenyewe hauna ukomo mmoja. Mwaka 1963 John Barbirolli, Mwingereza, aliiongoza Tisa kule Berlin, na wanamuziki wa Berlin Philharmonic waliguswa kiasi cha kuomba wairekodi pamoja naye. Walifanya hivyo Januari 1964. Hapo unasikia joto, watu waliogundua kitu. Leonard Bernstein aliongoza okestra hiyo hiyo mara moja tu maishani, Oktoba 1979, katika matamasha ya kuichangia Amnesty International, na kazi aliyoichagua ilikuwa hii. Rekodi yake ilitolewa mwaka 1992, yeye akiwa amekwisha kufariki. Katika sehemu ya nne, kwenye kilele kikuu, pale ambapo tromboni zilipaswa kuingia kwa nguvu zote, hazikuingia. Fidla zinapaa peke yake kwa nguvu zao zote, na chini yake pana shimo.

Shimo lile nimelisikiliza sana. Kwa kanuni za kawaida rekodi yenye pengo kama hilo ingewekwa kabatini. Waliamua kuitoa, nami nashukuru, kwa sababu yaliyozunguka pengo lile hayapatikani kwingine: okestra nzima inacheza kama watu wanaoshikilia ukingo wa mtumbwi. Ukitaka tromboni zote ziwepo, zipo rekodi nyingi. Bernstein mwenyewe alirudia Amsterdam mwaka 1985 na Concertgebouw, kila kitu mahali pake, sehemu ya nne ikikaribia dakika 30, na ni kazi kubwa. Hata hivyo ninapotaka kukumbuka jinsi binadamu anavyotoa zaidi ya alichonacho, narudi Berlin, kwenye shimo.

Dakika 18 za Walter na karibu dakika 30 za Bernstein, kwa ukurasa ule ule! Mtu angeuliza: Mahler alitaka ipi? Alipokuwa hai, Mahler alikuwa na tabia ya kurekebisha kazi zake kila alipozisikia. Alifuta ngoma hapa, akaongeza baragumu pale, akapunguza uzito wa fidla. Simfoni yake ya Tano aliigusagusa hadi karibu na kufa. Kusikia ndiko kulikomfundisha alichoandika. Tisa haikupata bahati hiyo. Ilibaki kama alivyoiacha, na kazi ya kusikia na kufikiri upya ikawaangukia wengine.

Ndiyo maana naiona rekodi ya 1961 kuwa uaminifu wa aina yake, na si kuiacha ile ya kwanza. Walter angeweza kujinakili. Ile ya 1938 ilikuwa imekwisha kupata heshima duniani, yeye ndiye aliyekuwepo tangu mwanzo, na hakuna ambaye angethubutu kumwuliza. Baada ya miaka 23, baada ya kupoteza nchi na binti yake mdogo, aliyeuawa mwaka 1939, alifungua kurasa zile akasoma upya kilichoandikwa. Wengi wetu tukishasifiwa kwa jambo hulirudia hadi linatukaukia mkononi. Nimewaona walimu hodari, wahubiri hodari, waandishi pia. Mzee wa miaka 84 anayekubali kwamba rafiki yake aliyekufa nusu karne iliyopita bado ana neno ambalo yeye hajalisikia, huyo namwonea wivu wa heri.

Anayetaka kuanza safari hii nitamshauri asianze na ya 1938. Sauti yake ya zamani itamchosha kabla hajazoea, na historia yake itamzibia masikio. Aanze na ya 1961, tena kwa sehemu ya pili, ile dansi, ambayo haihitaji ujuzi wowote kuifuata. Aisikilize hadi aweze kuiimba jikoni. Kisha, siku nyingine kabisa, aweke dansi hiyo hiyo ya 1938 na asikie mwendo ulivyobadilika chini ya miguu yake. Baada ya hapo asikilize ya 1938 yote kwa mkupuo mmoja, tangu vikohozi vile, bila simu wala mazungumzo. Asiiruke sehemu ya tatu ati ina kelele. Bila ghasia ile, wimbo wa mwisho hauna kinachoutangulia, na hatajua wapigaji wale wametoka wapi wanapoanza kuuimba.